Uchafu Unaochagua Meno

Mtaani walimwita Mama Mswaki, na jina hilo hakupewa bure. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa msaidizi katika chumba cha meno cha kituo cha afya. Ndiye aliyeshika taa, aliyechemsha koleo, aliyeita "anayefuata", na ndiye aliyewapa akina mama vidonge vyao pale mlangoni, na si vile vya kumeza. "Mtoto wa miaka saba ana mdomo kama jalala, na wewe umejipaka wanja mpaka masikioni. Asubuhi ulikuwa na muda wa jicho lako, muda wa jino lake ulikosekana?" Wengi waliondoka wameinamisha vichwa. Wengine walirudi baada ya miaka kumshukuru, na habari za hao ndizo alizopenda kusimulia. Hata baada ya kustaafu, mwenye duka la pembeni alipomwona anakuja aliisukuma chupa ya pipi chini ya meza kama mtu anayeuza bangi, na watoto njiani walifunga midomo kwanza ndipo wakamwamkia kwa kichwa.

Alikuwa mwaka wa tatu nje ya kazi, asubuhi moja ya Jumamosi, binti yake alipomletea mjukuu ashinde naye. Binti alikuwa fundi cherehani, mwenye chumba cha kushonea sare za shule, na wiki hiyo shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Alimwacha mtoto mlangoni, akasema "Shikamoo, mama," akaondoka bila kukaa. Hakuwa mtu wa kukaa kwa mama yake.

Mjukuu alikuwa na miaka sita na nusu, na kwa utani wa bibi na mjukuu wake walikuwa wake wenza, ingawa mume mwenyewe alikuwa kaburini mwaka wa tano. Mtoto aliomba maji ya friji. Alipoyapata akainamisha kichwa upande wa kushoto, akayapitisha huko huko kwa kidogo kidogo, macho ameyafinya.

"Mke mwenzangu, hayo ni maji au ni dawa?"

Mtoto akacheka, na alipocheka akaziba mdomo kwa kiganja. Hakuwa na cha kuficha. Meno yake ya mbele ya utoto yalikuwa meupe na madogo kama punje za mchele. Alikuwa amejifunza kwa mama yake tu, akidhani kucheka ndivyo kulivyo. Lakini kiganja cha mtoto ni kidogo, na jicho la Mama Mswaki lilikuwa limekaa miaka thelathini na mmoja midomoni mwa watu. Akaona kwamba kule nyuma kabisa, baada ya meno ya utoto kwisha, gego jipya limechomoza chini kulia. Pembe yake moja ilikuwa na rangi ya chai iliyokaukia kikombeni, na ukingo wake ulikuwa umeanza kumeguka.

Akaiweka bilauri mezani polepole. "Hebu fungua kinywa nione."

Mtoto akafunga midomo mpaka ikapotea.

"Mimi ni bibi yako. Fungua."

"Mama amesema bibi asiniangalie meno."

"Kwa nini?"

"Amesema utanisema."

 Mama Mswaki alienda jikoni akashika ukingo wa sinki. Alilijua jino lile kama mtu anavyoijua sauti ya mlango wa kwao. Alikuwa ameyaona manne ya namna hiyo katika kinywa kimoja, miaka ishirini na minne iliyopita, na kinywa kile alikuwa amekizaa mwenyewe.

Jino la miaka sita lina hila yake. Haliji kama wenzake. Meno mengine hubisha hodi: la utoto hutikisika, likang'oka, nyumba nzima ikachekelea pengo, ndipo la ukubwani likaja. Hili la miaka sita halimng'oi mwenzake. Linaingia kwa mlango wa nyuma, likakaa mwisho wa mstari kana kwamba lilikuwepo siku zote, na wazazi wakiliona huliita la utoto. Likiuma husema, "Liache, litang'oka lenyewe." Halitang'oka. Ndilo hilo hilo, hakuna jingine nyuma yake. Mama Mswaki aliyasema hayo kwa wazazi wasiohesabika, na alikuwa sahihi. Ubaya wa maisha yake ni kwamba alikuwa sahihi katika mambo mengi sana, basi hilo moja alilokosea hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kosa lenyewe lilianzia kwenye daftari. Kila mwaka kituo kilikwenda shuleni kupima meno ya watoto. Walimu waliandika majina, daktari wa wakati ule, mzee mmoja mwenye miwani minene na haraka ya kurudi kwake kula, alimulika vinywa na kutamka, na Mama Mswaki aliweka alama. Karatasi zilikuwa na safu nne: zima, limetoboka, limezibwa, limeng'olewa. Basi. Lakini kila darasa lilikuwa na watoto wawili watatu ambao mzee, akifika magego ya nyuma, alisita na kuguna, "Hili lina madoa." Madoa hayakuwa na safu. Lile jino si zima, na bado halijatoboka. Mama Mswaki hakupenda kitu kisicho na mahali pake. Siku ya kwanza alimuuliza daktari aliandike wapi, naye akajibu bila kugeuka, "Andika unavyoona." Alivyoona ni kwamba jino lenye rangi ya njano na kahawia ni jino lisilopigwa mswaki. Akaandika pembezoni, kwa herufi kubwa, CH. Chafu.

Hakuna aliyemtuma zaidi ya hapo, na hakuna aliyemzuia. Mwaka uliofuata CH ilikuwa desturi, na mwaka wa tatu ikawa sheria. Baada ya upimaji, mwalimu mkuu alisoma majina ya walioandikiwa CH, wakatoka mbele ya shule nzima wakiwa na miswaki, na Mama Mswaki akawafundisha kusugua mbele ya wenzao. Wenzao walicheka. Alidhani kicheko ni sehemu ya dawa.

Jambo moja alilojivunia ni unadhifu wa lile daftari. Wasaidizi wapya aliwafundisha kanuni ya kwanza kabla hawajajua hata jina la koleo: kwenye daftari la wagonjwa hakifutwi kitu. Hakuna raba, hakuna kuchana karatasi. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke, unaandika lililo sahihi pembeni, unatia saini yako. "Kosa lako ulibebe na jina lako," aliwaambia, "siyo uliache likazurure kama mtoto wa haramu." Wakacheka, wakashika.

Binti yake alikuwa darasa la pili upimaji ulipofika kwenye shule yake. Daktari akamulika, akaguna. "Madoa. Yote manne. Na la mbele hapa." Mwalimu aliyekuwa jirani akamtazama Mama Mswaki aone atafanya nini. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mama Mswaki akaandika CH mbele ya jina la mwanawe kwa mkono usiotetemeka, na asubuhi iliyofuata mtoto akasimama mbele ya shule akiwa wa tatu kwenye mstari, ameshika mswaki wa kijani, akimtazama mama yake kama mtu anayesubiri aambiwe kwamba ni mchezo.

Kuanzia siku hiyo alipewa jina. Watoto hawana huruma na wana macho: meno yale yalikuwa na rangi ya bati lililopigwa na mvua, wakamwita Kutu. Alirudi nyumbani akilia. Mama yake akasema dawa ya Kutu ni mswaki.

Na mswaki ulipigwa. Asubuhi, mchana, jioni, mama mwenyewe akiwa amemshika kidevu. Mtoto alisema unauma. Alisema maji yanauma, hewa ya asubuhi inauma akifungua mdomo njiani. Mama Mswaki aliwahi kuwasikia watoto maelfu wakisema mswaki unauma, na wote walikuwa wavivu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, alijisemea, akasugua mpaka povu likatoka jekundu. Sukari ilifungiwa kabatini. Siku moja akakuta karatasi ya pipi kwenye mfuko wa sare, akamchapa. Mtoto aliapa kwamba ni ya rafiki yake, na huenda ilikuwa kweli, maana yeye pipi zilimuuma kuliko fimbo. Halafu mtoto akaanza kufanya jambo ambalo mtoto yeyote mwenye akili angefanya. Alilowesha mswaki, akajipaka dawa ya meno midomoni, akatoka bafuni akinukia. Mama akagundua. Akapata ushahidi aliokuwa akiutaka: kumbe hapigi mswaki.

Magego yalimeguka moja baada ya jingine kama kuta za udongo zilizonyeshewa. La kwanza lilitoboka kabla hajatimiza miaka tisa. Yote manne yalikuwa yameng'olewa kabla hajatimiza kumi na miwili. La mwisho ndilo baya. Sindano ya ganzi ilichomwa mara mbili, na bado mtoto alipiga kelele. Mzee wa miwani akasema haiwezekani asikie, ganzi imeshaingia. Aliyemshika kichwa alikuwa mama yake mwenyewe, mikono miwili, mmoja kila upande wa masikio. Alimwinamia akamwambia kwa sauti ya chini, "Acha kujifanya. Unanitia aibu kazini kwangu."

Mtoto aliacha. Hakulia tena siku ile, wala, kwa kadiri Mama Mswaki alivyokumbuka, hakuwahi kulia tena mbele yake. Alikua msichana mpole mwenye kiganja mdomoni. Picha ya harusi yake iko ukutani kwa mama yake mpaka leo: bwana harusi ana meno thelathini na mawili hadharani, bibi harusi ametabasamu kwa macho tu.

Kisha, miaka tisa kabla ya Jumamosi hii ya maji ya friji, mzee wa miwani alistaafu na akaja daktari kijana, mwanamke, mwenye mazoea ya kusoma vitu ambavyo hakuna aliyemwambia avisome. Alitoa madaftari ya zamani kabatini, akakaa nayo wiki mbili wakati wa chai. Siku moja akamwita Mama Mswaki.

"Mama, hebu njoo uone kitu. Hawa walioandikiwa CH. Nimewafuatilia daftari hadi daftari. Karibu wote walirudi hapa baada ya mwaka, miwili, mitatu, wametoboka. Na tazama ni meno gani. Magego ya kwanza, na ya mbele. Jirani zake ni mazima." Akagonga karatasi kwa kalamu. "Mtu asiyepiga mswaki huchafuka mdomo mzima. Uchafu gani huu unaochagua meno?"

Daktari akamweleza, akiwa na furaha ya mtu aliyepata kitu chake kilichopotea. Meno yale, alisema, hutengenezwa mtoto akiwa bado mchanga, ndani ya fizi, miaka mingi kabla hayajaonekana. Ikitokea shida wakati huo, homa kali labda, maradhi ya utotoni, wakati mwingine hata haijulikani ni nini, basi ile enameli, gamba gumu la nje, haikomai. Jino hutoka na kasoro yake tayari. Lina madoa, ni laini kama chokaa, linauma kwa baridi na kwa mswaki, ganzi nayo hulikataa. Likiachwa, linameguka na kuoza haraka kuliko wenzake hata kama mtoto hali pipi wala halali bila kusugua. Ukiliwahi linapochomoza, unalipaka dawa, unalifunika, unalivisha kofia ya chuma ikibidi, na linaishi.

"Ila aliyeweka hizi alama alikuwa na jicho," daktari akasema. "Aliyaona bila kufundishwa. CH ni nini, mama? Wewe ni wa siku nyingi hapa."

Hapo ndipo pangetosha maneno mawili. Mama Mswaki aliitazama ile CH, mwandiko wake mwenyewe, na midomo ikafanya kazi bila yeye.

"Nadhani ni chunguza," alisema. "Niliikuta."

Daktari akainamisha kichwa kwa heshima, heshima kwa yule asiyejulikana mwenye jicho.

Angeweza kumwambia binti yake. Alikuwa na Jumapili hamsini na mbili kwa mwaka, na binti alikuja karibu zote enzi zile, akikaa nusu saa na kuondoka. Kila Jumapili Mama Mswaki alipika maneno moyoni na kila Jumapili yakaungua. Angesema nini? Kwamba hakuwa mchafu? Kwamba aliposema inauma ilikuwa inauma? Alijiambia meno yenyewe yameshang'olewa, kumfukulia mtu kaburi kuna faida gani. Alijiambia hivyo miaka tisa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na aliwahi kulisema hilo kwa wagonjwa wa jipu la jino akiwa amesimama, mikono kiunoni.

Sasa maradhi yamekwenda kuchomoza kwenye kinywa cha mjukuu. Waliosema majuto ni mjukuu hawakuwa wakitania.

Alasiri ile hakumngoja binti aje kumchukua mtoto. Alimshika mkono akamrudisha mwenyewe. Chumba cha kushonea kilijaa mashati meupe yasiyo na kola, yamelundikwa hadi kwenye kiti cha wateja. Binti alikuwa amebana pini midomoni.

"Nimeona gego la mtoto," Mama Mswaki alisema.

Binti akatema pini moja moja kiganjani. Alimtazama mwanawe kwanza. Mtoto akasema haraka, "Sikufungua, mama. Nilicheka tu."

"Hilo ni la utoto," binti akamwambia mama yake. "Litang'oka."

"Haling'oki. Ni la ukubwani, la miaka sita. Mengine matatu yako njiani."

"Basi napiga mswaki naye kila siku. Kama umekuja kuniambia sipigi, mama, mlango huo hapo. Mimi ulinisema vya kutosha. Huyu hutamsema."

"Sikuja kumsema." Sauti ya Mama Mswaki ilikuwa ndogo hata yeye akaishangaa. "Si mswaki. Jino limezaliwa hivyo. Linauma kweli, hadanganyi. Yupo daktari wa kuliwahi, lakini ni sasa, siyo mwezi ujao."

Binti alimtazama mama yake muda mrefu, kama mtu anayesikia lugha yake ikisemwa na mgeni. "Linazaliwa hivyo," akarudia.

"Ndiyo."

Hapo napo alikuwa na nafasi. Swali lilikuwa limesimama kati yao, halikuhitaji hata kuulizwa. Akasema, "Jumatatu asubuhi, wahini namba," akaondoka. Alitoa nusu ya ukweli na njiani akajipongeza kwa nusu hiyo.

Jumatatu walikwenda wote watatu. Chumba kilikuwa kile kile, kiti kile kile kimeshonwa upya ngozi, taa mpya. Mjukuu alipakatwa kitini na mama yake. Daktari, ambaye sasa hakuwa kijana sana, akavuta taa na kabla hajasema lolote mtoto akainua mkono kama yuko darasani.

"Nimepiga mswaki," akasema. "Jana na leo. Muulize mama."

"Najua umepiga," daktari akajibu. "Naona. Fungua, mwanangu."

Gego la chini kulia lilikuwa limemeguka pembe, lakini mzizi na moyo wake vilikuwa salama. La kushoto lilikuwa ndiyo kwanza linachungulia, nalo lina doa. Daktari alilipaka la kushoto dawa, akalivisha la kulia kofia ndogo ya chuma inayong'aa, bila sindano, akibonyeza kwa kidole huku akimsimulia mtoto kwamba sasa ana jino la roboti. Mtoto aliuliza kama roboti hula mkate. Alicheka akiwa kitini na mara hii mkono ulikuwa umeshikwa na mama yake, hakuweza kuuziba mdomo.

"Mmefanya vizuri kuwahi," daktari alimwambia binti akinawa mikono. "Miezi sita zaidi tungekuwa tunang'oa. Wengi huletwa wakati wa kung'oa. Wewe una bahati, mama yako anajua haya. Nilimweleza hapa hapa miaka ile nilipofika. Miaka tisa sasa, au siyo, mama?"

Mama Mswaki alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Tulikuwa na madaftari ya zamani ya shule," daktari akaendelea, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuonyesha ushahidi, akafungua kabati na kuvuta moja, lenye jalada lililofifia. "Kuna mtu mmoja aliyeyaona haya meno kabla yetu sote. Aliweka alama pembezoni. CH. Chunguza. Nimeyahifadhi kwa ajili ya hiyo alama."

Binti alimsogeza mtoto pajani, akanyoosha mkono, akalipokea daftari. Alifungua kurasa taratibu, fundi anavyopekua vitambaa, mpaka akafika mwaka wake, shule yake, darasa la pili. Kidole chake kikashuka kwenye majina, kikasimama.

"Haikuwa chunguza, daktari," akasema. "Ilikuwa chafu. Ilisomwa asubuhi mbele ya shule. Mimi nilikuwa wa tatu."

Daktari alitazama jina, akamtazama binti, kisha akamtazama Mama Mswaki, na ile heshima ya miaka tisa ikamtoka usoni mbele yao. Mtoto alikuwa akigusa jino la roboti kwa ulimi.

"Miaka tisa," binti alisema, bila kuinua sauti. "Nilikuwa nakuja kila Jumapili."

"Nilitaka kukwambia."

"Nilikuwa nakaa pale kwenye kochi. Unanimiminia chai."

"Mwanangu, nilikosa mdomo."

"Ulikuwa nao. Uliniinamia nao sikioni kwenye kiti hiki, ukaniambia najifanya." Akampapasa mtoto kichwa. "Mimi niliamini, mama. Mpaka juzi nilikuwa naamini kwamba niliyaozesha mwenyewe. Nimemfinya mtoto huyu kidevu kila asubuhi nikidhani ameyarithi makosa yangu."

Mama Mswaki alilia. Alilia vibaya, kwa kelele, kama watu wasiokuwa na mazoea. Alikuwa hakuchelea mwana kulia, na sasa alilia yeye vile vile, na hakuna methali iliyokuja kumsaidia. Binti alimngoja amalize, kama mtu anayengoja mvua ipungue avuke barabara. Hakumgusa.

Alipotulia, binti akaligeuza daftari mezani likamwelekea mama yake, akachukua kalamu ya daktari kwenye kikombe, akaiweka juu ya ukurasa.

"Sahihisha."

Daktari alifungua mdomo aseme kwamba yale ni kumbukumbu, hayaguswi, kisha akaufunga. Mama Mswaki alikuwa ameshaketi. Kanuni aliijua kuliko yeyote chumbani mle. Alipiga mstari mmoja juu ya CH, mwembamba, ili lililo chini lisomeke. Pembezoni palikuwa pafinyu, palitosha herufi mbili tu, hivyo maneno yakabanana na kupanda juu kama mchwa: *si chafu, kasoro ya enameli tangu utotoni.* Mkono ule ule ulioandika CH miaka ishirini na minne iliyopita uliyaandika yote mpaka nukta ya mwisho.

"Na saini," binti alisema. "Si ulikuwa unawafundisha? Nilikuwa nakusikia nikiwa kwenye benchi, nasubiri unirudishe nyumbani."

Akatia saini. Ilikuwa mara ya kwanza jina lake lote kuandikwa ndani ya daftari lile.

Binti alilisoma lote kuanzia mwanzo wa mstari, jina lake la shule, mstari, maneno, saini. Halafu akamteremsha mtoto, akamfunga kamba za viatu, akamshukuru daktari kwa mikono miwili na kuuliza siku ya kurudi. Walipofika mlangoni mtoto akageuka.

"Bibi haji?"

Binti alitazama nyuma. Siyo usoni kwa mama yake. Kwenye kabati lililoachwa wazi, madaftari yamesimama migongo nje, mwaka baada ya mwaka, na kwenye ule ukurasa uliofunuliwa mezani, ambapo chini ya jina lake palikuwa na CH nyingine, na chini yake nyingine.

"Bibi bado ana kazi," akasema. "Tangulia, mwanangu, angalia ngazi."